Goti la Senga

Kazi yangu ni kuwafanya watu wafanye mambo wasiyotaka kuyafanya. Ndivyo nilivyozoea kuieleza Wakenya wenzangu wa hapa Juba, wale wa benki na wa mashirika, tulipokuwa tukipiga soga nje ya kanisa Jumapili. Wao walicheka. Mimi sikuwa nikitania sana. Mtu aliyevunjika mguu hataki kuukunja kwa sababu unauma, na aliyepooza upande mmoja hataki kuinuka kwa sababu anaogopa kuanguka. Wewe unasimama pembeni na kumsukuma, leo kwa maneno matamu, kesho kwa makali, hadi siku moja anakwenda zake bila kugeuka nyuma. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na mitatu, minne kati yake hapa, na kwa muda mrefu niliamini kwamba naijua.

Chumba chetu cha mazoezi ni banda refu la mabati lenye feni mbili, moja inazunguka na nyingine inatazama. Kuna vyuma viwili vya kushikia wakati wa kujifunza kutembea, mkeka mpana wa sponji, ngazi ya mbao ya vidato vinne isiyokwenda popote, na mifuko ya mchanga tuliyoishona wenyewe ili iwe mizigo ya kuinua kwa mguu. Tulikuwa wawili: mimi na msaidizi wangu, mwanamke wa Rejaf, nje kidogo ya Juba, mwenye sauti ndogo, aliyezungumza na wagonjwa Kiarabu cha Juba huku mimi nikingoja tafsiri. Kila mgonjwa mpya alifunguliwa fomu, na juu ya fomu palikuwa na mstari ulioandikwa: lengo la mgonjwa. Ukiwa na watu kumi na watano wanaongoja kwenye benchi, mstari ule unaujaza mwenyewe. Nilikuwa nikiujaza hata kabla mgonjwa hajakaa. Kutembea bila magongo. Nani asiyetaka kutembea bila magongo?

Mama ninayemkumbuka alikuja na magongo mawili na hasira moja. Alikuwa Mganda, miaka hamsini na kitu, mwenye mwili, mpika chapati na maharage katika kibanda karibu na soko. Boda aliyopanda iliteleza kwenye changarawe ikamwangukia, mfupa wa paja ukavunjika. Daktari wa upasuaji aliweka chuma ndani, na baada ya miezi mitatu mfupa ulikuwa umeshika vizuri. Tatizo lilikuwa goti. Lilikuwa limekakamaa kwa kulala kitandani, na nilipolikunja ili kulipima lilifika mahali likagoma kabisa, hata nusu ya njia halijafika, na mama akaanza kumwita Mungu kwa Kiganda.

Kwa miezi miwili alikuja Jumatatu na Alhamisi. Alifanya nilichomwambia, midomo ameifunga, macho kwenye mabati. Alitembea katikati ya vile vyuma, akapanda vile vidato vinne na kushuka. Alitoka magongo mawili akaingia gongo moja, na mimi nikajipongeza. Lakini goti halikuendelea kama nilivyotaka. Kila Jumatatu lilikuja limevimba, la moto, limerudi nyuma kuliko nilivyoliacha Alhamisi.

“Mama, unafanya mazoezi nyumbani?” nilimuuliza.

“Nafanya.”

“Yapi?”

“Yenye inafaa.”

Jibu hilo nililichukua kama dharau. Niliamua kwamba anasimama kutwa kwenye jiko lake la chapati, kisha anakuja kunidanganya. Nikaandika kwenye faili lake: hana motisha. Neno hilo sisi wa taaluma hii tunalipenda, kwa sababu linafunga mjadala. Likishaandikwa, kosa linakuwa la mgonjwa, na mtaalamu anaweza kwenda kunywa chai yake kwa amani. Nami nilikwenda kunywa chai. Msaidizi wangu aliniambia, “Shwaya shwaya, dada,” yaani polepole, kidogo kidogo. Nikamwambia polepole ina mwisho wake.

Kisha mama akakosa kuja wiki mbili. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba mgonjwa akipotea hivyo, tunamfuata nyumbani. Sitadai kwamba nilikwenda kwa huruma. Nilikwenda kumfumania. Nilishaitunga hotuba yote kichwani, nikiwa nyuma ya boda, msaidizi wangu akitangulia kwenye boda nyingine kwa kuwa yeye ndiye aliyeijua njia ya mtaa wa Hai Malakal.

Uani kulikuwa na nyumba ya mabati, tukul mbili, vile vibanda vya mviringo vya udongo na nyasi, na kamba ya nguo. Jirani aliyekuwa akifua alituonyesha kwa kidevu upande wa nyuma. Tukazunguka, na pale tukamkuta mama amejishikilia kwenye jerikani la maji lililojaa, gunia limekunjwa mbele yake chini. Goti zima lilikuwa tayari juu ya gunia. Lile bovu alikuwa analishusha. Hakutuona. Alishusha, akafika mahali palipouma, akasimama hapo akihema, akashusha tena kidogo. Jasho lilikuwa likimtoka puani na kudondoka kwenye mfuniko wa jerikani. Alipoligusisha goti chini alitoa sauti ambayo mimi, niliyesikia sauti nyingi za goti, sijaizoea hadi leo. Akakaa hivyo kitambo, kisha akaanza kurudi juu, na huko juu kulikuwa kugumu zaidi.

Hotuba yangu ikapotea. Nikakuta nyingine, mbaya zaidi.

“Mama, unafanya nini? Unataka kuliharibu? Miezi miwili natibu uvimbe, kumbe unautengeneza mwenyewe!”

Aligeuka, akatutazama, akamalizia kuinuka bila haraka. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akaomba jirani atuletee viti na sisi. Kwa Waganda mgeni hafokewi wala hafoki kabla hajakaa, hilo nilikuja kulijua baadaye. Tulipokwisha kukaa ndipo akasema.

Kaka yake, kule Uganda, alikuwa anamwoza binti yake. Kwao kabla ya harusi ya kanisani kuna siku ya utambulisho, ambapo upande wa mume unakuja nyumbani kwa upande wa mke kwa msafara na makapu. Siku hiyo mtu mkubwa si mama wa binti bali senga, shangazi yake, dada wa baba. Yeye ndiye aliyemlea binti kwa maneno ya utu uzima. Yeye ndiye anayetoka mbele ya wageni, anawapigia magoti, anawasalimu, na anakwenda kumtambua bwana harusi katikati ya wanaume wenzake. Mama huyu alikuwa senga wa binti yule tangu siku ya kuzaliwa kwake.

“Kaka yangu alipiga simu,” akasema. “Alisema senga mguu yake imekufa, haiwezi kupiga magoti. Alisema mdogo wangu ndiyo atatoka. Mimi nitapewa kiti, nikae na wazee. Yeye hapana uliza mimi. Na wewe, daktari, pia hapana uliza mimi. Nyinyi wote munajua mguu yangu kuliko mimi.”

Mimi si daktari, na nilikuwa nimemwambia hivyo mara nyingi. Siku ile sikumsahihisha.

Inanipasa kueleza kichwa changu kilivyokuwa. Nimelelewa Nakuru na mama mwalimu, na kwetu mwanamke hupiga magoti kanisani au akiwa anapangusa sakafu, basi. Nilipoanza kukutana na Waganda hapa Juba, nikaona mwanamke mzima mwenye duka lake anashuka chini mbele ya mwanamume asiye na lolote ili amwambie habari za asubuhi, nilikuwa nageuza uso. Niliona ni kudhalilika. Kwa hiyo nilipomsikia mama akisema anatoka jasho lile lote ili apate kupiga magoti, wazo langu la kwanza halikuwa zuri. Niliona kwamba ajali ilimfanyia hisani na yeye anaikataa.

Sikulisema kwa maneno, lakini nilikuwa na uso, na yeye alikuwa na macho. “Wewe unaona ni aibu,” akaniambia. “Aibu ni kupewa kiti kama mgonjwa.”

Tulirudi kazini, msaidizi wangu akitangulia tena. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akatoa faili la mama, akaliweka mbele yangu likiwa limefunguka mahali nilipoandika kwamba hana motisha. Kisha akaenda kufagia. Nililifuta neno lile kwa kalamu, mistari mingi kuliko iliyohitajika.

Nilimuuliza daktari wa upasuaji. Alisema mfupa umepona, chuma hakitavunjika kwa kupiga magoti, na kwamba goti likikunjika vya kutosha mtu anaweza kuliegemea apendavyo. Ila muda. Siku ya utambulisho ilikuwa baada ya wiki kumi. Alhamisi mama alipokuja, nikamkalisha nikampangia mambo mawili. La kwanza, tuendelee kama tulivyoanza, na katika wiki kumi atatembea bila gongo, pengine bila hata kuchechemea. La pili, tuache kutembea kwanza, tulishughulikie goti peke yake kila siku, kwa maumivu, na huenda lisifike. Nilimwambia achague mwenyewe.

Nakiri kwamba sikuyapanga mambo hayo kwa haki. La kwanza nililieleza kwa sauti tamu na mifano, la pili kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Hiyo nayo ni mbinu tunayoijua: unampa mgonjwa uhuru wa kuchagua, halafu unamsogezea kile unachokitaka wewe. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

“Kalas?” akauliza, kwa Kiarabu cha Juba, akimaanisha kama nimemaliza.

“Nimemaliza.”

“Goti.”

Nilijaribu njia ya katikati. Nikamwonyesha jinsi ya kupiga goti moja tu, lile zima, huku mguu wenye lile bovu ameutanguliza mbele. Mama alinitazama nikiwa chini pale kwenye mkeka, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

“Hiyo ni ya askari anataka kupiga risasi,” akasema. “Wageni watakimbia.”

Basi tukaanza. Niliacha kumlaza kitandani na kumkunja mguu kama mtu anayekunja waya. Tulifanya kile alichokuwa akikifanya uani, ila kwa mpangilio. Aliweka mikono na magoti kwenye mkeka, kisha akarudi nyuma polepole kuelekea visigino, tukiwa tumeweka vipande vya godoro kati ya makalio na visigino ili vimpokee. Tulianza na vipande sita. Kila wiki tulijaribu kuondoa kimoja. Kwanza tulilitia goti joto kwa taulo la maji moto, baadaye tukalitia barafu, tulipoipata. Na nilimfundisha jambo ambalo hakuwa akilifanya, yaani kupumzika. Siku ya uvimbe ni siku ya mapumziko. Hilo ndilo lililomshinda kuliko maumivu.

Mtu yule niliyemwandika hana motisha alikuwa anafika kabla sijafungua mlango. Nilimkuta kwenye benchi, taulo begani. Alifanya zoezi kwa kuhesabu Kiganda, na akifika kumi alianza tena bila kuambiwa. Wagonjwa wengine walianza kumtazama. Mzee mmoja aliyekatwa mguu chini ya goti aliniuliza kupitia kwa msaidizi wangu huyo mama anashindania nini. Msaidizi akamweleza. Mzee akatikisa kichwa akasema yeye angechukua kiti. Mama alipotafsiriwa alisema na achukue, ni chake.

Haikwenda sawa siku zote. Wiki ya tano goti lilikwama kwenye vipande vitatu na halikushuka kwa siku tisa. Alilia siku ya saba, si kwa maumivu, nayajua machozi ya maumivu. Mdogo wake alikuwa ameshapeleka kitambaa cha gomesi, lile vazi refu la sherehe la Waganda, kwa fundi, gomesi ya senga, na binti alikuwa ameshaambiwa. Nilimwambia tunaweza kurudi kwenye kutembea, hakuna atakayemlaumu. Aliniuliza kama nataka kurudi kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nikamwambia ni kwa ajili yangu, kwa sababu naogopa kumpeleka mtu nusu ya njia. Akasema basi tuendelee.

Wiki ya tisa alikalia kipande kimoja. Siku mbili kabla ya safari tulikiondoa hicho. Hakufika chini kabisa, palibaki upana wa vidole vinne kati ya makalio na visigino, lakini msaidizi wangu, aliyewahi kuona Waganda wakiwa wamevaa gomesi, alisema ni nguo pana, itafunika. Mama akashuka, akakaa kwenye vile vidole vinne vya hewa, mgongo umenyooka, mikono imekutana mapajani. Alitusalimu wote wawili kwa Kiganda, salamu ndefu, ile inayouliza habari za nyumbani na za kazi na za yaliyopita. Kwa mara ya kwanza sikugeuza uso. Sitasema niliupenda ule upigaji magoti. Nilimwona mtu mkubwa akiwa chini, na nikaona kwamba ukubwa wake haukupungua hata kidogo, na nilifurahi kupita kiasi. Kisha alishika kigoda akainuka mwenyewe.

Alipanda basi la Nimule, mpakani mwa Uganda, akaenda zake. Nilikuwa na siku ile kichwani kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa mtoto wake. Jumamosi ya utambulisho nilikuwa zamu, nikawa natazama saa, nikimwambia msaidizi wangu sasa wageni wanaingia, sasa anashuka.

Alirudi baada ya majuma mawili na mkungu mdogo wa ndizi za kupika, gongo likiwa bado mkononi kama tulivyojua lingekuwa. Kabla hajakaa nilimwomba picha. Alitafuta kwenye simu, akanipa. Palikuwa na hema, wanaume wa kanzu, makapu yaliyofungwa kwa majani ya mgomba. Mbele ya wageni, mwanamke mwembamba wa gomesi ya njano alikuwa amepiga magoti. Nyuma, miongoni mwa wazee, mama yetu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chenye kitambaa cheupe, gongo kati ya mapaja.

“Mguu haukuweza,” nikasema.

“Iliweza.”

“Mbona uko kwenye kiti?”

Akanisimulia. Alikuwa amefika siku nne mapema. Aliingia sebuleni kwa kaka yake, mdogo wake yupo, wake wa ndugu wapo, akaweka gongo kando, akashuka kwenye sakafu ya saruji, akamsalimu kaka yake kwa ile salamu ndefu mpaka mwisho. Kaka yake aliinamisha kichwa. Kisha akasema mbele ya wote kwamba senga ni huyu, na ndiye atakayetoka Jumamosi.

“Nikamwambia hapana,” mama akasema. “Nikamwambia, mdogo wangu ndiyo atatoka.”

“Baada ya wiki kumi?” Sauti yangu ilipanda, na msaidizi wangu akaacha alichokuwa akifanya. “Baada ya yote yale, mama?”

“Mdogo wangu alishika maneno yote. Gomesi imeshonwa. Na vile kaka alisema, yeye aliangalia chini, alikuwa karibu kulia. Nikamwachia.” Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgumu wa kukunjika. “Daktari, kunyang'anywa na kupeana hapana sawa.”

Nilikuwa na hasira, siwezi kuficha. Nilizihesabu zile asubuhi, taulo, barafu niliyoitafuta kwa miguu, vipande sita vya godoro. Nilitaka kumwambia kwamba ametupa kazi yetu. Kisha nikajisikia nikisema kimoyomoyo goti letu, na nikaona aibu mpaka masikioni, kwa sababu hata baada ya kumpa uchaguzi nilikuwa bado nimebaki nao mkononi.

Nikamrudishia simu. Nikamuuliza leo anataka tufanye nini. Akafikiri, akautazama mkeka, akavitazama vile vyuma viwili, akasema safari imemchosha, leo anataka kukaa tu. Nikamsogezea kiti, akakaa.